Programu nafuu za kuchorea violezo vya ngozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayeshona pochi, mikoba, mikanda au ala za visu, awe anatumia msharasi na sindano mbili au cherehani, na sasa anataka kuchora violezo vyake kwenye kompyuta bila faida yote kuishia kwenye leseni. Majibu mengine ni marefu na mengine ni mafupi, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Je, nahitaji programu kweli? Rula na manila si vinatosha?

Vinatosha, na kwa mkanda au kishikio cha funguo vitaendelea kutosha. Mkanda ni mstari ulionyooka wenye matundu machache. Kuuwashia kompyuta ni kujitafutia kazi.

Kompyuta huanza kulipa pale kiolezo kinapoanza kubadilika. Mteja ameipenda pochi yako, ila anaitaka iwe ndefu kwa sentimita moja. Kwenye manila itabidi uchore upya ganda la nje, bitana, mifuko ya kadi na mistari yote ya mshono. Kwenye faili unasogeza upande mmoja, unahifadhi kwa jina jipya, basi. Kuna pia suala la ulinganifu: unachora nusu ya mfuniko wa mkoba, unaigeuza, na pande mbili zinakuwa sawasawa hata kama mkono wako si wa msanii. Na siku utakapotaka kukatiwa kwa leza, fundi wa leza hatapokea manila yako.

Kama kila kazi yako ni ya mara moja na hairudiwi, baki na manila. Fedha hiyo nunua kisu kizuri.

Sina muda wa kusoma yote. Nichukue ipi?

Inkscape. Ni programu huria, haidai malipo, inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux, na imekuwepo tangu 2003, kwa hiyo mafunzo yake yamejaa mtandaoni. Inapima kwa milimita, inahifadhi kwa SVG (aina ya faili ya michoro ya mistari) na kutoa PDF. Wengi wanaoshona ngozi kwa mkono hawatahitaji nyingine.

Kama wewe ni mtu wa namba kuliko mikunjo, yaani unafikiria «milimita 92 kwa 70, kona 8», soma jibu kuhusu LibreCAD kabla ya kuamua.

Kwa nini nisitumie programu ya picha ninayoijua tayari?

Programu za picha huhifadhi nukta za rangi. Kiolezo kinahitaji mistari yenye vipimo, na hiyo ndiyo kazi ya programu za vekta na za usanifu wa kihandisi. Ukikuza picha ya nukta, ukingo unakwaruzika na kipimo kinategemea idadi ya nukta kwa inchi, jambo ambalo programu nyingi hulibadilisha bila kukuuliza. Programu za kutengenezea mabango na matangazo ya mitandaoni nazo zina shida hiyohiyo: zimeundwa ili kitu kipendeze kwenye skrini, si ili kiwe na milimita 85.6 kwenye karatasi.

Inkscape, LibreCAD na Affinity zinatofautianaje kazini?

Inkscape inafikiri kwa maumbo. Unachora mstatili, unaandika upana na urefu wake kwenye upau wa juu, unazungusha kona, unakata kipande kimoja kwa kingine. Mikunjo ya mfuniko wa mkoba au ala ya kisu inachorwa kwa raha kwa sababu unavuta nodi, yaani vituo vinavyoushika mstari, mpaka jicho liridhike. Kuna mtego mmoja unaowapata karibu wote wanaoanza. Ukiteua umbo, Inkscape kwa kawaida inakuonyesha ukubwa pamoja na unene wa mstari uliochorea. Mstatili wa milimita 100 uliochorwa kwa mstari wa milimita 1 utasomeka 101. Ingia kwenye mapendeleo, sehemu ya zana, chagua ukubwa wa kijiometria badala ya ule wa kuonekana, na ufanye hivyo kabla ya kuchora chochote. Pia tumia mstari mwembamba, milimita 0.2 hivi, maana mstari mnene hauelezi kisu kipite upande upi.

LibreCAD, ambayo ni huria na ilichipuka kutoka QCAD, inafikiri kwa vipimo. Hapa unaamuru: mstari kutoka hapa wenye urefu huu, mstari sambamba ulioingia ndani kwa milimita 3.5, kona zenye nusu kipenyo cha 10. Kwa pochi na vishika kadi, ambavyo ni mistari minyoofu na kona za duara, ni ya haraka kuliko Inkscape ukishazoea. Kwa mikunjo huru inachosha. Sura yake ni ya kizamani, lakini hakuna mteja atakayeiona. QCAD yenyewe ina toleo la jumuiya lisilolipiwa, na toleo la kulipia unalolinunua mara moja bila ada ya kila mwezi.

Affinity Designer iliuzwa kwa miaka mingi kwa malipo ya mara moja. Kampuni yake, Serif, ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na mwishoni mwa 2025 Affinity mpya ikatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Ni nyororo kuliko Inkscape na haikwamikwami. Kwa kiolezo cha kuchapa ni nzuri sana. Kwa kazi ya kupeleka kwenye mashine, hakikisha kwanza kwamba inatoa aina ya faili fundi wako anayotaka.

Zile za kulipia kila mwezi zina thamani?

Kama tayari unailipia Illustrator, programu ya kuchorea ya Adobe, kwa kazi nyingine, itumie. Inaweza yote haya na zaidi. Kuianza kwa ajili ya violezo vya ngozi pekee sioni sababu. Tangu Adobe ilipohamia Creative Cloud mwaka 2013 huwezi kununua toleo jipya ukawa umemaliza; unakodi. Mwezi usio na wateja ada inabaki palepale. Na ukiacha kulipa, faili zako unazo lakini huna cha kuzifungulia vizuri. Ukiwa humo, hifadhi nakala ya kila kiolezo kwa PDF au SVG.

«Bure» hapa maana yake nini hasa? Naweza kuuza ninachochora?

Kwa Inkscape, LibreCAD na FreeCAD (tutaifikia hapo chini) jibu ni ndiyo bila masharti. Leseni huria inahusu programu, haigusi michoro yako wala mikoba unayoitengeneza kutokana nayo.

Kwingineko soma maandishi madogo. Autodesk Fusion, programu ya kusanifu vitu kwa pande tatu, ina leseni ya binafsi isiyolipiwa, lakini ni ya matumizi yasiyo ya kibiashara, na inakuwekea kikomo cha nyaraka kumi zinazoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. Onshape inafanya kazi ndani ya kivinjari na ina mpango wa bure, ila nyaraka zako kwenye mpango huo zinaonekana na umma. Kwa mtu anayejifunza si neno. Kwa fundi ambaye umbo la mkoba wake ndilo mtaji wake, hilo ni tatizo kubwa.

Hata inayotolewa bure na kampuni yenye moyo mwema inaweza kubadilisha masharti. Kinga yake ni moja: toa nakala kwa SVG, DXF (faili ya michoro ya kihandisi) au PDF kila unapomaliza, ili siku ya kuhama uhame na michoro yako.

Programu za violezo vya nguo zinafaa kwa ngozi?

Seamly2D na Valentina ni huria na zimetengenezwa kwa ajili ya mavazi. Nguvu yake ni fomula: unaandika kwamba upana wa kipande ni kifua gawa kwa nne jumlisha sentimita mbili, kisha ukibadilisha vipimo vya mtu, kiolezo kinajipanga chenyewe. Kwa jaketi, fulana au glavu za ngozi ndizo ningezishika kwanza. Kwa mkoba ni mzunguko mrefu.

Ukiipenda ile hali ya kubadilisha namba moja na kila kitu kikafuata, ijaribu FreeCAD. Unaweza kuweka vipimo kwenye jedwali: urefu wa kadi, umbali wa mshono kutoka ukingoni, unene wa ngozi. Kisha mchoro unasoma jedwali hilo. Kujifunza kwake kunahitaji subira kuliko nyingine zote zilizotajwa hapa. Toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 limepunguza kero nyingi za zamani, ila si programu ya kufungua jioni ukategemea kukata asubuhi.

Nimechora sawasawa, lakini kikichapwa kinatoka kidogo au kikubwa. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloharibu ngozi nyingi kuliko yote.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kidirisha cha kuchapa. Programu nyingi za kusomea PDF zina tabia ya kubana ukurasa ili utoshee ndani ya pambizo za printa. Zinaubana kwa asilimia tatu au nne tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Milimita 100 zinakuwa 97, na kadi iliyokuwa iingie vizuri inakataa. Chagua ukubwa halisi au 100%, na kataa chochote kinachosema «Fit» au kutoshea ukurasa. Hakikisha pia ukubwa wa karatasi kwenye faili ndio uliomo kwenye printa: A4 ni milimita 210 kwa 297, ilhali Letter, karatasi ya Kimarekani, ni 215.9 kwa 279.4, na mchanganyiko wa hizo mbili ndio huamsha ule ubanaji.

Mtuhumiwa wa pili anakaa ndani ya faili, hasa ikihama kutoka programu moja kwenda nyingine. SVG inaweza kuandika vipimo kwa pikseli badala ya milimita, na programu hazikubaliani pikseli ngapi zinafanya inchi. Illustrator inahesabu 72. Inkscape inahesabu 96. Mstari wa milimita 100 uliotoka Illustrator kwa pikseli ukifunguliwa Inkscape unaweza kusomeka milimita 75. Ukikuta kila kitu kimepungua kwa robo, umeshajua chanzo: kuza kwa 133.33%. Inkscape za zamani, kabla ya toleo la 0.92 la mwaka 2017, zilihesabu 90, kwa hiyo faili ya enzi hizo inaweza kufunguka ikiwa 93.75% ya ukubwa wake. Toleo jipya hukuuliza ulifanyie nini. Usibonyeze tu ili kidirisha kiondoke.

Dawa ya yote ni mraba wa milimita 100 uliochorwa pembeni ya kila ukurasa wa kila kiolezo. Kikishachapwa, upime kwa rula ya chuma kwa upana na kwa urefu, kwani baadhi ya printa huvuta karatasi vibaya upande mmoja tu. Mraba usipopima 100, hakuna kukata. Nikipokea kiolezo cha mtu kisicho na mraba huo, huwa nauongeza mwenyewe kabla ya kufanya lolote.

Kiolezo changu ni kikubwa kuliko A4. Nifanyeje?

Kigawanye kwenye kurasa kisha uzigundishe. Adobe Acrobat Reader, isiyolipiwa, ina chaguo la bango kwenye kidirisha cha kuchapa: inakata ukurasa mkubwa katika A4 kadhaa na kuweka alama za kukatia. Weka mwingiliano wa milimita 10 hivi na ukubwa 100%. Kabla ya kuchapa, chora mstari mmoja mrefu wa mshazari unaovuka kiolezo kizima. Baada ya kugundisha, weka rula juu yake. Ukikuta umevunjika mahali, ukurasa huo umeteleza.

Kwa mkoba mkubwa ni rahisi zaidi kupeleka PDF kwa wachapaji wa ramani za majengo, wakakutolea A1 au A0 kwa karatasi moja. Waambie wazi wasibadilishe kipimo, na mraba wako wa 100 uwe ndani.

Programu inaweza kunipangia matundu ya mshono?

Inaweza, ila swali gumu zaidi ni yawe mangapi.

Tuchukue paneli ya mkoba yenye upana wa milimita 200 na urefu wa 150, kona mbili za chini zikiwa na nusu kipenyo cha 25. Ubavu wa mkoba, yaani ule ukanda wa pembeni unaoupa mkoba kina, unashonwa kuanzia juu kushoto, unashuka, unapita chini, unapanda hadi juu kulia. Ukipima ukingo unapata milimita 478.5. Lakini uzi haupiti ukingoni. Unapita milimita 4 ndani, na huko kona zina nusu kipenyo cha 21. Njia ya uzi ni milimita 466. Tofauti ni 12.5, na kwa mshono wa milimita 4 hayo ni matundu matatu. Aliyekata ubavu kwa urefu wa ukingo na kutoboa kote kwa uma uleule (chuma chenye meno cha kutobolea matundu) atafika mwisho akiwa na matundu matatu ya ziada upande mmoja, ngozi ikiwa imejikunja kwenye kona.

Hapa ndipo programu inapojilipia. Chora mstari wa mshono kama njia halisi iliyoingia ndani, kisha uiambie programu ikupimie urefu wake. Inkscape ina nyongeza ya kupima njia na LibreCAD inataja urefu kwenye sifa za mstari. Milimita 466 ukigawa kwa 4 unapata 116 na nusu. Nusu hiyo haikubaliki. Ongeza urefu wa paneli kwa milimita 1, kila upande unapata moja, njia inafika 468, na hizo ni nafasi 117 kamili. Ubavu nao unapewa nafasi 117. Hesabu ya dakika mbili, na kona zinakaa.

Kuhusu namba ya nafasi yenyewe, usiandike unayodhani. Uma mwingi wa kutobolea huuzwa kwa 3, 4 au 5, lakini kuna wa 3.38 na 3.85, namba zinazoshangaza mpaka ujue kwamba inchi ya kale ya Ufaransa ilikuwa kama milimita 27.07, na 27.07 ukigawa kwa 8 ni 3.38. Ukiandika 3.4 badala ya 3.38, kwenye mshono wa nafasi 50 umekosea kwa milimita 1. Toboa nafasi kumi kwenye kipande cha ngozi, pima kwa kalipa, gawa kwa kumi, tumia hiyo.

Kwenye Inkscape unaweza kupata mwonekano wa matundu haraka kwa kuchukua mstari wa mshono wenye unene wa milimita 1, ukaupa ncha za duara na mpangilio wa vistari wa 0 na 4. Utaona nukta kila milimita 4. Hizo ni za macho na za karatasi tu. Leza haizioni kama matundu. Kwa leza unahitaji duara halisi, na zana ya kusambaza umbo juu ya njia ndiyo inayozitengeneza.

Ukiniuliza mimi, usichape matundu yote. Chapa mstari, tundu la kwanza, la mwisho na yale ya kwenye kona. Katikati uache uma utembee wenyewe, kwa sababu ngozi huvutika kidogo unapoigonga na nukta zilizochapwa zitakulazimisha kuugombeza uma kila baada ya pigo.

Je, programu itanihesabia unene wa ngozi?

Zile za kuchorea bapa hazitakuhesabia. Kwao ngozi haina unene, na mwanzoni hata wewe unaweza kuusahau mpaka pochi ikatae kufunga.

Kanuni ni hii: kipande kinachopita nje ya mkunjo kinahitaji urefu zaidi kuliko cha ndani. Kwa pochi inayokunjwa mara moja kabisa, digrii 180, zidisha 3.14 kwa umbali kati ya katikati ya tabaka la nje na katikati ya tabaka la ndani. Ganda la milimita 1.2 juu ya bitana ya milimita 1: nusu ya kila moja ni 0.6 na 0.5, jumla 1.1, mara 3.14 ni takriban 3.5. Bitana iwe fupi kwa kiasi hicho, la sivyo itajikunyata ndani ya mkunjo kila pochi inapofungwa. Ukinyoa ngozi kwenye mkunjo, hesabu kwa unene uliobaki.

Wauzaji wengine hutaja unene kwa aunsi. Aunsi moja ni sehemu 1 ya 64 ya inchi, karibu milimita 0.4. Andika unene uliokusudiwa ndani ya kiolezo chenyewe, kwa maandishi yanayochapwa.

Nianze na kitu gani ili nijifunze?

Kishika kadi. Kadi ya benki ina kipimo kimoja duniani kote kwa mujibu wa ISO/IEC 7810: milimita 85.60 kwa 53.98, unene 0.76. Kwa hiyo una kitu halisi cha kuhakikishia. Chora ganda lenye upana wa milimita 100 na mstari wa mshono ulioingia 3.5 kila upande. Kati ya mistari kunabaki 93, kadi inapata nafasi ya kama 3.7 kila ubavu. Chapa, kata manila, gundisha, ingiza kadi. Ukitaka ibane zaidi, punguza upana. Ndani ya zoezi hilo dogo utakuwa umegusa karibu kila zana utakayoitumia baadaye kwenye mkoba.

Nina violezo vya zamani vya manila. Naviingizaje?

Viskani kwa skana bapa, nukta 300 kwa inchi, ukiweka rula pembeni ya kipande. Kama huna skana, piga picha kutoka juu kabisa ukiwa mbali kidogo na ukuze kwa lenzi. Picha ya karibu hupindisha kingo. Ingiza picha kwenye programu, ikuze mpaka milimita 100 za rula zilingane na mstari wa milimita 100 uliouchora, kisha ifunge isisogee.

Usitumie ile zana ya kufuatisha picha yenyewe. Itakupa mamia ya nodi na ukingo unaotetemeka. Fuatisha kwa mkono kwa nodi chache: mkunjo wa mfuniko hauhitaji zaidi ya nne au tano. Na kama kipande kina pande mbili sawa, chora nusu tu halafu geuza. Kile cha manila huenda kilikuwa kimepinda tangu siku ya kwanza.

Nitume faili gani kwa leza au mashine ya kukata?

Muulize fundi kabla ya kuchora. Mara nyingi ni DXF au SVG. DXF ilitoka Autodesk mwaka 1982 na karibu kila mashine inaielewa, ila faili inaweza kusafiri bila kutaja kipimo chake. Ulichochora kwa milimita kikisomwa kwa inchi kinakuwa kikubwa mara 25.4. Andika kwenye ujumbe: «kipimo ni milimita, upana wa kipande kikubwa ni 200.» Mashine ndogo za nyumbani zina vikwazo vyake. Silhouette Studio, programu ya mashine za Silhouette, kwa mfano, kwenye toleo lake la msingi inafungua DXF lakini SVG inaidai leseni ya juu.

Tenganisha kwa rangi: kukata rangi moja, kuchora alama nyingine, matundu nyingine. Gundisha ncha za mistari iwe njia moja iliyofungwa, na futa mistari iliyorudiwa juu ya mwenzake, maana leza itapita mara mbili na kuunguza. Miali yenyewe inakula sehemu ya kumi hadi mbili za kumi za milimita, jambo linaloonekana tu pale kipande kimoja kinapoingia ndani ya tundu la kingine.

Ngozi bandia ya PVC isipelekwe kwenye leza kamwe. Ikiungua inatoa gesi yenye kloridi ya hidrojeni, inayodhuru mapafu na kuila mashine. Usipojua kitu chako ni nini, kata kwa kisu.

Programu inaweza kunipangia vipande kwenye ngozi ili nisipoteze?

Ipo Deepnest, huria, inayopanga vipande vibanane. Inafaa kwa kitu chenye umbo la kawaida na ubora uleule kila mahali. Ngozi ina makovu, alama za kupe, na upande wa tumbo unaovutika kuliko wa mgongo. Mkanda uliokatwa tumboni utarefuka. Kata vipande vya manila, vitandaze juu ya ngozi, zungusha kwa mkono.

Kompyuta yangu ni ya zamani. Na simu je?

LibreCAD itakwenda kwenye karibu chochote. Inkscape inaridhika na mashine ya kawaida, mradi usiijaze picha kubwa za skana. FreeCAD na Fusion zinataka nguvu zaidi.

Kwa simu, pokea PDF, angalia, onyesha mteja. Kuchora kiolezo cha milimita kwa kidole ni mateso. Hata kipanya cha bei ya chini kabisa ni afadhali.

Nihifadhije faili zangu?

Faili moja kwa kila bidhaa, na jina linalosema ukweli: bidhaa, toleo, unene wa ngozi, nafasi ya mshono. «pochi-ndefu_t3_1.2mm_3.38» inajieleza kuliko «pochi mpya mwisho kabisa 2». Weka tabaka tofauti kwa kukata, kushona na maelezo. Ukibadilisha kitu baada ya kushona sampuli, usiandike juu ya faili ya zamani. Ongeza namba ya toleo, na andika namba hiyohiyo kwenye manila iliyotundikwa ukutani, ili mwaka ujao mteja akirudi kuomba pochi ileile ujue ni faili gani ilizaa ile aliyonayo mkononi.